Wimbo Mrefu na Redio ya Taifa

Kiongoroni imo ndani ya delta ya Rufiji, upande wa bahari wa Wilaya ya Kibiti, kati ya matawi ya mto na misitu ya mikoko ambayo kwa ukubwa haina mfano Afrika Mashariki. Miaka ya 1970, eneo hilo lilipokuwa bado sehemu ya Wilaya ya Rufiji, umeme wa gridi haukuwepo huko, na njia kuu ilikuwa maji: mtumbwi, mashua, na majahazi yaliyokuja kupakia boriti. Muziki wa Dar es Salaam uliingia deltani kwa redio ya betri. Mkulima wa mpunga aliyekesha kwenye dungu kulinda shamba dhidi ya nguruwe aliitundika redio yake kwenye nguzo, na betri zilipochoka alizianika juani ili zimsogeze siku mbili tatu mbele. Ninachodai hapa ni kwamba msikilizaji huyo, aliyeonekana kuwa mbali na kila kitu, alipata redioni jambo ambalo mpenzi wa roki wa London au Chicago alikuwa ameanza kunyimwa miaka hiyo hiyo: wimbo mrefu, wenye sehemu zaidi ya moja, uliopangwa kwa makini, ukirushwa na kituo cha watu wote.

Ili dai hilo lieleweke, inabidi kwanza tuone kilichotokea kwa wenzetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Uingereza ilikuwa na kundi la bendi zilizopiga roki iliyoitwa progresivu, yaani roki iliyotaka kupanuka hadi iwe na upana wa muziki wa okestra. Mwaka 1972 bendi ya Yes ilitoa “Close to the Edge”, wimbo uliojaza upande mzima wa santuri kubwa. Mwaka huo huo Genesis walitoa “Supper's Ready”, wa dakika 23 hivi. Redio haikujua la kufanya na nyimbo za namna hiyo. Nchini Marekani stesheni za FM za mwisho wa miaka ya 1960 zilikuwa na uhuru, mtangazaji akipiga anachopenda, lakini katikati ya muongo uliofuata uhuru huo ulishaanza kubanwa. Washauri wa biashara kama Lee Abrams waliziandalia stesheni orodha za nyimbo zilizopimwa kwa wasikilizaji, na hapo ndipo ilipozaliwa roki ya albamu iliyotengenezwa iwe rafiki wa redio. Bendi nazo zikajirekebisha. “Roundabout” ya Yes, yenye zaidi ya dakika nane kwenye albamu, ilikatwa ikabaki chini ya nne ilipotolewa kama santuri ndogo. Boston, Kansas na Styx walichukua vinanda na sauti za pamoja za ile roki ndefu wakazifunga ndani ya wimbo mfupi wenye kiitikio cha kushika haraka. Mwaka 1982 wakongwe waliotoka Yes, King Crimson na Emerson, Lake & Palmer waliunda Asia, na albamu yao ya kwanza ikaongoza chati za Marekani. Yes wenyewe walifika namba moja ya Marekani Januari 1984 kwa “Owner of a Lonely Heart”, wimbo ambao mpenzi wao wa mwaka 1972 angedhani ni wa bendi nyingine.

Wapo wanaoisimulia historia hiyo kama ya usaliti, na wapo wanaoiona kama ya kukomaa. Mimi naona pande zote mbili zimekubaliana kimyakimya juu ya jambo moja ambalo halijathibitishwa: kwamba redio kwa asili yake ni adui wa wimbo mrefu, na kwamba mtunzi akitaka kusikika lazima apunguze. Hata wimbo mashuhuri kuliko yote uliovunja kanuni hiyo husimuliwa kama muujiza. Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946 na kuhamia Uingereza na familia yake mwaka 1964 baada ya Mapinduzi, ndiye Freddie Mercury aliyetunga “Bohemian Rhapsody”. Kampuni ya santuri ilihofu kwamba wimbo unaokaribia dakika sita hautapigwa. Kenny Everett wa Capital Radio ya London alipewa nakala, akaurusha mara 14 katika siku mbili, na mwishoni mwa mwaka 1975 ukaanza kukaa namba moja Uingereza kwa wiki tisa. Ajabu iliyosimuliwa ni kwamba dakika sita zilipita redioni. Dar es Salaam, wakati huo huo, dakika sita hazikuwa ajabu kwa mtu yeyote.

Sababu ya tofauti hiyo imo katika namna redio yetu ilivyoundwa. Utangazaji ulianza mwaka 1951 kwa Sauti ya Dar es Salaam, ukawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 serikali ikaufanya kuwa idara yake: Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Hakukuwa na mshindani. Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri kilichofanya kazi, hivyo bendi iliyotaka santuri ilikwenda Nairobi. Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, kisha Super Volcano aliyoianzisha mwaka 1973, walijulikana Afrika Mashariki nzima kwa santuri zilizochapwa Kenya. Lakini kwa kazi ya kila siku, studio ya RTD ndiyo iliyokuwa studio ya taifa. Bendi iliingia, ikapanga vyombo mbele ya maikrofoni chache, ikapiga kwa pamoja tangu mwanzo hadi mwisho, na mtambo ukaunasa wimbo kwenye utepe. Aliyekosea katikati aliwarudisha wote mwanzo. Kwa hiyo nyimbo zilifika studio zikiwa zimeshaiva ukumbini: solo, rithimu na besi kila moja ilijua njia yake, na tarumbeta zilijua zitaingia wapi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka na Kenya ukafungwa, njia ya Nairobi ikawa ngumu, na uzito wa utepe wa RTD ukaongezeka. Mwaka uliofuata ikazaliwa Mlimani Park, ile Sikinde, chini ya uongozi wa kimuziki wa Michael Enoch, na waimbaji kama Muhidin Maalim Gurumo, Hassan Bitchuka na Cosmas Chidumule. Kazi zao bora za miaka iliyofuata ni kazi za utepe wa redio.

Sikiliza “Nalala kwa Tabu” au “Barua Toka kwa Mama” uone wimbo ulivyojengwa. Nusu ya kwanza ni ya maneno: kisa kinaelezwa taratibu, mwimbaji mmoja anatangulia, wenzake wanampokea, tarumbeta na mdomo wa bata vinajibu kwa kifungu kile kile kila ubeti unapoisha. Kisha mambo yanabadilika. Gitaa la solo linaanza kuzunguka, rithimu inalijibu kwa kifungu kingine kinachopishana nalo, besi inaongeza mwendo, na wimbo unaingia kwenye chemko, ambako maneno ni machache na wanaosema ni wapiga vyombo. Mgeni huweza kudhani ni nyimbo mbili zilizounganishwa. Mtu wa nyumbani anajua kwamba nusu ya pili ndiyo iliyomtoa nyumbani Jumamosi usiku. Muundo huo ulitaka dakika sita, saba, wakati mwingine nane, na RTD iliurekodi ulivyo kwa sababu utepe haukuwa na ukingo wa karibu. Aliyeubana alikuwa mwenye santuri. Santuri ndogo ya mzunguko wa 45 haichukui zaidi ya dakika chache kila upande, kwa hiyo wimbo ulipasuliwa: maneno upande wa kwanza, chemko upande wa pili, na katikati mtu ainuke kugeuza. Mnunuzi wa mjini mwenye gramafoni alilipia wimbo uliokatwa vipande viwili, na mwenye redio ya betri huko deltani aliusikia mzima.

Hapo ipo hesabu ya biashara ambayo naiona ndiyo kiini cha jambo lote. Redio ya Marekani iliuza tangazo, na albamu iliuzwa kwa sababu ya redio; kila dakika ilikuwa na bei, na wimbo mrefu ulikula nafasi ya mwenye duka. Wanamuziki wetu wengi walikuwa waajiriwa. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana, na Polisi, JKT na Magereza zilikuwa na bendi zao. Mlimani Park ilianza chini ya shirika la umma la usafiri na teksi kabla ya kuchukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Mshahara haukutegemea santuri, na redio haikulipa cha kutajirisha mtu. Redio iliipa bendi jina, na jina lilileta watu ukumbini. Kwa hiyo kilichorushwa hewani kilitakiwa kifanane na kile ambacho mtu angekikuta akilipa kiingilio, na mtu wa kiingilio alitaka chemko. Hapo maslahi ya bendi na mazoea ya redio yalikwenda pamoja, na wimbo haukuwa na sababu ya kufupishwa. Ushindani wenyewe ulihamia kwenye mitindo: Sikinde, Msondo, Saboso ya Western Jazz, Masika ya Super Volcano, Pambamoto ya Vijana, kila bendi ikitafuta namna yake ya kupanga magitaa ambayo msikilizaji angeitambua kabla mtangazaji hajataja jina.

Pingamizi la kwanza linajileta lenyewe: dansi, yaani muziki wa bendi zetu hizi, si roki, sembuse roki progresivu. Asili yake ni rumba ya Cuba na ya Kongo, haikucheza na mapigo yasiyo ya kawaida, wala haikuwa na albamu za kisa kimoja kirefu. Hilo nalikubali lote. Sidai kwamba Sikinde ilikuwa Genesis ya Dar es Salaam. Anayesema hivyo anaidhulumu Sikinde, ambayo haikuwa na haja ya kufanana na mtu. Ninachodai ni kwamba tatizo lilikuwa moja, yaani kazi ndefu yenye sehemu nyingi kukutana na chombo cha kuwafikia wengi kwa mara moja, na kwamba majibu yalikuwa mawili. Wala hatukukosa watu waliojaribu roki yenyewe. Patrick Balisidya na Afro 70 walipitisha gitaa la solo kwenye vifaa vya kupindisha sauti, jambo lililowatenga na bendi nyingine, na baadaye Balisidya alirekodi na kundi la Archimedes Badkar la Sweden kazi iliyotoka kwa jina la Bado Kijana. Na walikuwepo Sunburst, wa mwanzoni mwa miaka ya 1970 Dar es Salaam: James Mpungo akiimba, Hembi Flory Kongo kwenye gitaa, Bashir Idi Farhan kwenye besi, Kassim Magati kwenye kinanda na Johnny Rocks kwenye ngoma. Walichanganya roki, soul na midundo ya nyumbani wakauita muziki wao kitoto. Albamu yao pekee, Ave Africa, ilitoka Zambia mwaka 1976.

Kisa cha Sunburst kinaleta pingamizi la pili, lililo zito zaidi. Ikiwa redio ya taifa ilikuwa rafiki mkubwa hivyo wa muziki wenye malengo makubwa, mbona bendi ya roki ilikwenda kutoa albamu Zambia? Jibu ni kwamba mlango wa RTD haukupimwa kwa dakika; ulipimwa kwa maneno na kwa asili. Operesheni Vijana ilikuwa imeanza Januari 1969 kupiga vita sketi fupi na suruali za kubana, na Novemba mwaka huo muziki wa soul ukapigwa marufuku katika kumbi za Dar es Salaam. Mashairi ya bendi yalipitiwa kabla ya kurekodiwa. Wimbo wa mapenzi ulipita, wa kusifu kazi ulipita haraka zaidi, na uliogusa pabaya ulibaki mlangoni. Remmy Ongala alikumbana na hilo hata baadaye, wakati “Mambo kwa Soksi”, wimbo wake wa kuhimiza kinga dhidi ya ukimwi, ulipokataliwa redioni kwa sababu ya lugha yake. Kwa hiyo mtunzi wa Dar es Salaam hakuwa huru kuliko mwenzake wa Los Angeles. Alibanwa mahali pengine. Huyu aliambiwa aseme nini, yule aliambiwa amalize saa ngapi, na ukiulinganisha muundo wa muziki wenyewe, upangaji wa sehemu zake na nafasi ya wapiga vyombo kujieleza, kizuizi cha saa ndicho kilichouharibu zaidi. Mkaguzi wa mashairi hakuwa na la kusema juu ya gitaa la rithimu. Chemko lina maneno machache ya kukaguliwa, na huenda ndiyo maana ubunifu mwingi ulikimbilia huko.

Msomaji mkali atasema pia kwamba deltani wimbo haukufika mzima kila mara. Ni kweli. Taarifa ya habari ilipofika, mtangazaji aliuzima wimbo popote ulipokuwa. Kipindi cha Salamu za Wagonjwa kilikuwa na foleni ya majina. Mawimbi yaliyumba usiku. Betri zilikata roho katikati ya solo. Lakini wimbo uliokatwa na saa ya habari siku ya Jumatatu ulirushwa tena mzima siku nyingine, kwa sababu utepe ulibaki vilevile. “Roundabout” ya redio ilikatwa studio na kisu, na aliyeisikia redioni tu hakujua kama kuna kingine. Tena redio ya wakati ule haikuchukuliwa kama sauti ya kupitia tu masikioni. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio nchi nzima, wakae, wasikilize hadi mwisho, kisha wajadiliane. Watu waliozoezwa kukisikiliza kipindi cha choo na mbu hadi mwisho hawakuhitaji kuhurumiwa na wimbo wa dakika saba.

Hoja yoyote ya namna hii inahitaji jaribio, na historia imetupa moja. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 iliruhusu stesheni binafsi; Radio One ilianza mwaka 1994, na nyingine zikafuata. Nchi ni ile ile, lugha ni ile ile, wasikilizaji wengi ni wale wale; kilichobadilika ni kwamba sasa dakika ya redio ilikuwa na bei. Ndani ya miaka michache wimbo uliopendwa na FM ulikuwa wa dakika tatu au nne, wenye kiitikio cha mapema, na bendi za dansi zikaanza kulalamika kwamba nyimbo zao hazipigwi au zinakatwa kabla ya chemko. Yapo maelezo mengine, nayo si ya kudharau: kompyuta ilimwezesha kijana mmoja kutengeneza wimbo bila kulisha watu 15, mashirika ya umma yaliyoajiri bendi yalikufa au yalijitoa, na vijana walikuwa na mapenzi yao. Lakini mambo hayo yanaeleza kwa nini bendi zilipungua. Hayaelezi kwa nini hata bendi iliyobaki hai, yenye ukumbi unaojaa, African Stars wa Twanga Pepeta kwa mfano, iliendelea kupiga nyimbo ndefu ukumbini huku redio ikitaka fupi. Hapo saa ya tangazo ndiyo iliyoamua, kama ilivyoamua Marekani miaka 20 kabla.

Kuna mahali ambapo njia hizi mbili zilikutana uso kwa uso. Peter Gabriel, mwimbaji wa Genesis wa enzi za “Supper's Ready”, aliiacha bendi mwaka 1975. Julai 1986 wimbo wake “Sledgehammer” uliingia namba moja ya Marekani kwa kuung'oa “Invisible Touch” wa Genesis wenyewe: pande mbili za bendi moja ya nyimbo ndefu zikigombea kilele cha redio kwa nyimbo fupi. Fedha na jina alivyopata alivielekeza, pamoja na mengine, kwenye Real World, lebo na studio huko Box, kusini magharibi mwa Uingereza. Lebo hiyo ndiyo iliyotoa Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala na Super Matimila mwaka 1989, na Mambo mwaka 1992. Wazungu walioinunua waliambiwa ni muziki wa dunia, ugunduzi mpya. Toto, bendi ya Marekani, walikuwa wamekwisha kuwauzia Afrika nyingine mwaka 1982, ile ya wimbo wao “Africa”, ambayo ndani yake Kilimanjaro umesogezwa hadi Serengeti, nayo ilipendwa mno na redio. Remmy alitoka katika mfumo ambao mwenye lebo, kijana wa Genesis, angeutamani mwaka 1972, lau angejua upo.

Sehemu kubwa ya ushahidi wa haya yote ni kanda. RTD iliunganishwa na televisheni ya taifa na leo urithi wake uko mikononi mwa Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC, kwenye rafu za tepe zilizorekodiwa tangu zama za Tanganyika. Baadhi zimetoka: Popular African Music ya Ujerumani na Africassette ya Marekani zilitoa CD za Sikinde kutokana na kanda hizo, na Strut ya London ikakusanya kazi za Sunburst mwaka 2016. Nyingi bado zinasubiri kuhamishwa kabla utepe haujamomonyoka, na kazi hiyo inapofanyika, kishawishi cha kuzikata ili zitoshe kwenye mitandao na simu ni kikubwa, kwa sababu mitandao nayo ina mizani yake ya sekunde. Ombi langu kwa TBC na kwa yeyote atakayepewa ruhusa ya kuzigusa ni dogo: ziwekwe zilivyo, pamoja na majina ya wapiga vyombo na tarehe za kurekodiwa, na chemko lisiguswe.